Shangazi, wamenipa daftari la kupima mabinti mimba

*Shangazi, shikamoo.*

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kijijini mkoani Mtwara. Nalima korosho, na ni katibu wa kikundi chetu cha hisa cha akina mama. Sikuandikii ugomvi wa ndoa, mume wangu hana neno. Nakuandikia jambo la kijiji ambalo limenikaba koo.

Mwaka jana shule yetu ya kata ilipoteza wasichana watano kwa mimba. Mmoja ni mtoto wa jirani yangu, alikuwa kidato cha tatu. Sasa ana mtoto wa miezi saba na anauza maandazi pale wanapoegesha bodaboda. Aliyempa mimba tunamjua sote. Ni mtu mzima, ana mke na mashamba. Wazee walikaa, akatoa fedha na mbuzi, yakaisha.

Juzi, baada ya malipo ya mnada wa korosho kuingia, uliitishwa mkutano wa wazazi. Watu walikuwa na uchungu na ilipofika saa kumi mambo matatu yalikuwa yamepitishwa. Kila msichana kuanzia darasa la sita hadi kidato cha nne apimwe mimba shule zikifunguliwa, kila muhula. Kila kaya ichangie fedha ya vipimo. Na unyago usimame kabisa, kwa kuwa ndio unaoharibu watoto. Mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sijawahi kupoteza hata senti ya kikundi, nikachaguliwa kushika daftari: jina la mtoto, tarehe, majibu. Nilikaa kimya. Kuhusu wavulana, mjomba mmoja alisema wakikutwa wanazurura usiku wachapwe. Watu wakacheka, mkutano ukafungwa.

Sasa sikiliza la nyumbani kwangu. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tukiwa shambani tunaokota korosho aliniuliza huku ameinama: "Mama, eti mtu akilala na mwanaume mara ya kwanza mimba haishiki?" Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Nikamwambia nani kakufundisha ushenzi huo, nikamfukuza aende akaokote upande wa pili. Tangu siku hiyo ananipa shikamoo tu, basi. Kwetu mama hazungumzi mambo hayo na mwanawe wa kumzaa, yana mwenyewe, somo yake, yule mwanamke aliyepewa kumfunda. Lakini somo yake ni wifi yangu, yuko Dar es Salaam, akija huku ujue kuna msiba.

Nishike daftari au nikatae? Nikikataa wataniuliza naficha nini, maana nami nina binti. Na nikikataa niwape nini badala yake? Nesi wetu wa zahanati ni mtu mzuri, lakini vijana hawaendi kwake. Wanasema foleni nzima ni mama zao wadogo. Na huyu mtoto, nianzie wapi?

*Mama wa kidato cha pili, Mtwara*

---

Marahaba, mwanangu.

Daftari usilishike. Nalisema kwanza kwa sababu shule zitafunguliwa na utakuwa umeshapangiwa dawati la kukalia, na ukishaandika jina la kwanza hutakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Kile kipimo cha mkojo kinaonyesha mimba ambayo tayari ipo, na mara nyingi hakitoi jibu la kuaminika mpaka msichana awe amekosa siku zake. Kwa hiyo kijiji kitakuwa kimetoa fedha ya korosho ili kijulishwe habari iliyokwisha kutokea. Msichana mwenye wasiwasi, akijua Januari kuna kupimwa, hatatokea Januari. Ataaga kwamba anakwenda kwa shangazi yake Lindi. Au atatafutwa mtu wa kumchoropoa kwa mizizi na vijiti, na hapo mnaweza mkazika. (Yeyote anayetokwa damu kwa namna hiyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kazi yao ni kumtibu.)

Nikuulize na upande wa pili. Binti anayeingiliwa na baba wa kambo kila wiki, na bado hajashika mimba, daftari litasemaje? Litasema hana kitu. Litasema hivyo kwa mwandiko wako mzuri, na kijiji kitalala usingizi.

Wakikuuliza unaficha nini, usijibu kwa habari za binti yako. Jibu kwa sheria. Shirika moja la hapa nchini, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na wenzao wa nje walipeleka suala hili hili mbele ya Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto. Mwaka 2022 kamati hiyo iliamua kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima na kuwafukuza shule kunavunja haki zao, ikaitaka Tanzania iache. Kabla ya hapo, Novemba 2021, Wizara ya Elimu ilikuwa imetoa Waraka wa Elimu Na. 2 unaoruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo, pamoja na aliyejifungua, arudi darasani ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji akiweka mhuri kwenye mpango wenu anajitafutia matatizo. Mwambie hivyo kwa upole, faraghani, kabla ya mkutano ujao. Watendaji wengi wakielezwa mapema huwa wa kwanza kubadilisha ajenda.

Uchungu wa wale wazazi siudharau hata kidogo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Kijiji chenu hakiko peke yake. Ila mkutano mzima ulizungumza habari za wasichana, kana kwamba mimba ni homa wanayoipata kisimani.

Tuje kwa yule bwana wa mbuzi.

Chini ya Kanuni ya Adhabu, kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata aseme alikubali. Na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanataja kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Hilo ni kosa la jinai, na wazee wa kijiji hawana mamlaka ya kulifuta kwa mbuzi wala kwa ng'ombe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka wajibu wa kutoa taarifa kwa yeyote anayejua haki ya mtoto imevunjwa, na kwa barua yako wewe unajua. Najua pia unaishi nao hao watu, mnazikana. Hivyo usiende kichwa kichwa. Kaa kwanza na binti mwenyewe na mama yake, usikie wanataka nini na wanaogopa nini. Halafu mkamwone afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au mpige 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Kuna pia kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zile watu wanazoziita kamati za MTAKUWWA, ambazo zinatakiwa ziwepo hadi ngazi ya kijiji. Ulizeni ya kwenu ni akina nani. Mara nyingine wajumbe wake ni wale wale waliopokea mbuzi, na hapo mtajua pa kuanzia kurekebisha.

Na jambo hili kila mama wa kikundi alijue kwa kichwa, maana linakwenda na saa. Mtoto akibakwa, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafaa hadi siku 5, ila kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Msimwogeshe, msifue nguo zake, msisubiri kikao. Mpelekeni kituo cha afya.

Sasa unyago. Hapa najua nitagombana na wasomaji wengine, lakini mimi mwenyewe nilichezwa, na sitakubali usemwe kama ushetani. Kule ndani tulifundishwa kushika hedhi, kujisafisha, kunyamazia siri za watu, kusalimia wakubwa. Tatizo ninaloliona ni umri. Zamani mwali alitoka ndani akiwa amekaribia kuolewa kweli. Siku hizi anaingizwa mtoto wa miaka 9, anafundishwa mambo ya kitandani, anatoka na kanga mpya na ngoma inamwambia amekua. Mtoto anaamini anachoambiwa. Wavulana wa jando ni hivyo hivyo: wanarudi kutoka kumbi wakiambiwa hawaruhusiwi tena kuingia chumbani kwa mama kwa kuwa ni wanaume, na hakuna aliyewaeleza mwanaume anawajibika kwa nini.

Mkipiga marufuku, mtakuwa mmeuhamishia porini. Makungwi wataendelea, ila bila macho yenu. Mimi ningewaita. Kikundi chenu kiwaalike makungwi wawili watatu wanaoheshimika, na wazee wa jando, na nesi, mkae chini ya mkorosho mmoja kabla ya likizo ya Desemba. Msiwahutubie. Waulizeni: mafunzo gani ni ya mtoto wa miaka 9, yapi ni ya 14, yapi yasubiri harusi? Kungwi mwenye akili atawapangia mwenyewe, kwa sababu anaijua mada kuliko nyie wote. Nesi aongeze vitu vichache ambavyo makungwi hawanavyo: mimba inavyoingia hasa, magonjwa ya zinaa, VVU, na kwamba mtu mzima akikushika usipotaka unapiga kelele na kusema, hata awe ndugu. Halafu mkubaliane kwamba mabinti wa unyago wanatoka ndani kabla shule hazijafunguliwa. Kungwi akikubali kitu, kinasikilizwa kuliko mabango mia ya halmashauri.

Sheikh na padri wataarifiwe mapema, wasisikie pembeni. Watakaokwambia kwamba kuwafundisha watoto ni kuwachochea, waambie UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, walipitia tafiti za nchi nyingi mwaka 2016 wakakuta elimu hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema zaidi. Kama hilo haliwatoshi, waulize simu za vijana wao zinawafundisha nini usiku.

Zile fedha za vipimo sasa. Mimi nisingezirudisha kwa wenyewe, kwa sababu si kila mwaka kijiji hukubali kuchanga. Tafuteni wasichana wale watano walikuwa wakiishi wapi. Nathubutu kukisia kwamba baadhi yao walipanga geto karibu na shule kwa kuwa nyumbani ni mbali, chumba cha udongo, mlango unaofungwa kwa kamba, na unga wa nyumbani unaoisha Jumatano. Alhamisi anatokea mtu na chipsi, au kijana wa bodaboda anayesema panda tu, utalipa siku nyingine. Watu husema mabinti wanapenda chipsi. Mimi nasema walikuwa na njaa. Nyumba moja ya kupanga yenye mama mtu mzima wa kulala nao, na gunia la unga la pamoja, itazuia mimba nyingi kuliko katoni nzima ya vipimo. Nendeni pia mkaangalie choo cha wasichana pale shuleni. Kama mlango hauna komeo na hakuna maji, msichana akiwa kwenye siku zake anabaki nyumbani, na anayebaki nyumbani peke yake saa nne asubuhi kila mtu wa njiani anamwona. Komeo halina gharama ya kuitishia mkutano. Vitambaa vya kike mnaweza kushona wenyewe, mna cherehani kwenye kikundi au mnamjua mwenye nayo.

Kuhusu nesi, tatizo mmeshalijua wenyewe: foleni. Hakuna msichana atakayekaa katikati ya mama zake wadogo akingoja kuuliza habari ya usaha. Mwombeni atenge muda wao peke yao, tuseme Jumamosi alasiri, zahanati ikiwa tupu na mpira ukiwa unachezwa jirani. Wizara ya Afya yenyewe ina utaratibu huo, inaita huduma rafiki kwa vijana, kwa hiyo hamumwombi avunje kanuni. Kijana aliyefikisha miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019. Mwongozo wa uzazi wa mpango wa nchi haumnyimi kijana huduma kwa sababu ya umri wake. Na kwa wale wadogo, wasichana wa miaka 9 hadi 14, kuna chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 ni dozi moja tu. Wapo wanaoikimbia wakisema inafunga kizazi. Haifungi.

Wavulana nao waende Jumamosi hiyo. Wana maswali kuliko wasichana, wanayafunika kwa kelele. Mtafute kocha wa timu, au kinyozi, mtu ambaye tayari wanakaa kwake, apelekwe kwa nesi afundishwe kidogo. Kumchapa kijana kwa kuzurura hakumwambii kondomu inavaliwaje, wala kwamba msichana akikaa kimya hajakubali.

Kwa binti yako, habari ni nzuri kuliko unavyodhani. Amekuuliza wewe. Angeweza kumuuliza yule yule aliyemwambia huo uongo. Na usiharakishe kuamini kwamba ameshafanya. Watoto wa kidato cha pili wanabishana mambo haya kila mapumziko, kama walivyokuwa wakibishana wa rika lako.

Mrudie hapo hapo shambani. Pazuri pa kusemea maneno magumu ni pale mikono ina kazi na macho yako chini, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzie. Anza wewe. Mwambie: "Siku ile nilishtuka, nikakufukuza. Swali lako lilikuwa zuri. Jibu lake ni kwamba si kweli. Mimba inashika hata mara ya kwanza." Kisha mpe na nyongeza, kwa sababu hatauliza ya pili: inashika hata kwa msichana ambaye hajaona damu bado, kwa kuwa yai hutoka kabla ya hedhi. Haizuiwi kwa kuruka ruka, wala kwa kujiosha, wala kwa kunywa majani ya chai makali. Halafu muulize jambo moja tu: kuna mtu anayemsumbua? Akinyamaza, nyamaza naye, endeleeni kuokota. Usimwapishe, na usimpeleke kwa mume wako usiku ule ule.

Mwiko nao usiuvunje kwa nguvu kama unakuchoma. Mwambie wifi yako ampigie simu kila wiki, au kwa idhini yake mchague somo mwingine wa hapo kijijini ambaye mtoto anamwamini. Mtoto ndiye achague, siyo wewe. Lakini jibu la swali lile litoke mdomoni mwako, kwa sababu wewe ndiye uliyeulizwa.

Nimalize na binti wa jirani. Miaka miwili ya ule waraka inatembea, na yeye ana mtoto wa miezi saba, kwa hiyo muda mwingi umeshakwenda. Kamwone mkuu wa shule pamoja naye na mama yake kabla ya Januari. Akikataa kurudi darasa lile lile kwa aibu, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina masomo ya sekondari nje ya mfumo rasmi na inawapokea wasichana kama yeye. Afisa elimu kata atawaelekeza kituo kilicho karibu. Muulizeni bibi wa mtoto kama anaweza kubaki na mjukuu asubuhi. Akisema hawezi kwa sababu maandazi ndiyo yanayowalisha, kikundi chenu cha hisa kikae kikao siku hiyo hiyo.